Ruhusa ya Mjomba Shaibu

Mjomba wetu Shaibu alimuua dada yangu bila kushika panga. Watu wa kijijini kwetu Lionja wananikataza kusema hivyo, eti mjomba ni mjomba. Nasema.

Mwaka ule Wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wanafungasha virago kuondoka Nachingwea, dada Zaina aliota kivimbe kwenye titi, kigumu, kidogo kama punje ya kunde. Daktari wa misheni alikata kinyama akakipeleka Dar es Salaam kikapimwe. Majibu yaliporudi, muuguzi Marietha alitueleza bila kuzunguka: ni saratani, lakini bado changa. Titi likiondolewa sasa, anaweza kupona.

Shemeji Seleman alikubali. Zaina mwenyewe alikubali. Lakini kwetu Wamwera mume ni mgeni tu. Mwanamke ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno ni mjomba. Nikatembea hadi kwake Mbwemkuru.

"Watoto wa ukoo wako jandoni," alisema, hata hali ya mgonjwa hajauliza. "Kisu kingine hakiingii kwenye ukoo mpaka watoke."

Mila hiyo niliisikia siku ile kwa mara ya kwanza, kinywani mwake.

"Mjomba, daktari anasema ni sasa hivi."

"Huyo daktari ni kaka wa mama yako, Mwanne?"

Nilirudi na hasira. Nikamwambia Zaina twende hivyo hivyo. Akakataa: akifia kwenye meza ya upasuaji bila neno la mjomba, nani atawapokea wanawe? Nilimgombeza mpaka akalia, na titi likazidi kuvimba.

Baada ya miezi kadhaa watoto walitoka jandoni, ngoma zikapigwa, ubwabwa ukaliwa. Ndipo Mjomba akaja na kanzu safi, tukaongozana hospitali.

"Nimeruhusu," alimwambia daktari, kama mtu anayegawa shamba.

Daktari alimpapasa Zaina titi, akampapasa kwapani. Kisha akasema na Marietha, naye Marietha akatugeukia machozi yakimlengalenga. Ugonjwa umeshashika mbavu. Hakuna cha kukata tena.

"Sasa mbona hamkuniambia kuwa ni haraka?" Mjomba akafoka.

Nilifungua mdomo nimtukane, mzee mzima, mbele za watu. Zaina akanishika mkono. Alikuwa anajifunga kanga yake taratibu.

"Mjomba," alisema, "na kufa je? Umeniruhusu, au ningoje?"