Shavu la Kulia la Leonora

Katika chama cha Opal Hendershot, kumwambia mwanamke kwamba amekufa vizuri ilikuwa kumsifu mpaka basi. Walikuwa watu wazima wenye akili zao, makarani, wauza viatu na wajane wa Pasadena, na kila mwaka walikutana katika hoteli moja kuukuu ya Hollywood kuwaenzi waigizaji wa kike wa filamu za kutisha za zamani, zile zisizo na rangi. Walibishana nani alinyongwa kwa madaha na nani alizikwa hai bila kuharibu nywele. "Yule alikufa vizuri," mmoja angesema akikoroga kahawa, na mwenzake angeitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Mpita njia akiwasikia angekimbilia polisi.

Opal alikuwa mtengeneza nywele wa Glendale, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, na katika waigizaji wote hao alimpenda mmoja tu, Leonora Vaskell. Alimwona mara ya kwanza akiwa msichana, katika filamu ya Shayiri ya Wafu, pale Mvunaji, lijitu lililojifunika gunia usoni, linapomfuata Leonora ghalani na mundu mkononi. Leonora anageuza uso, anafungua kinywa, anapiga yowe ambalo watu wa chama wanaliongelea hadi leo. Nyumbani kwa kina Opal hakukuwa na mtu wa kupendeka. Alitoka sinema siku ile akiwa amempata.

Na maisha yana vituko vyake, kwani sasa Leonora alikuwa kikongwe anayeishi na paka kwenye vyumba viwili karibu na saluni, na Opal ndiye aliyemwosha nywele kila Ijumaa. Alimwita mama. Leonora alimwita mwanangu, na siku akiwa na hasira alimwita mkorofi.

Mwaka ule, elfu moja mia tisa sabini na nne, Leonora alikuwa ametoka kupasuliwa koo. Alizungumza kwa sauti ya kukwaruza, na yowe lilikuwa limekwisha kabisa. Alitaka kujitoa katika onyesho la chama, ambapo kila mwaka aliigiza tena kifo chake cha ghalani. Asingekwenda, alisema, kukaa mbele ya watu na kufungua kinywa kama samaki. Opal alilala na jambo hilo akaamka nalo. Alichotaka ni kimoja, mama yake asimame kwenye jukwaa lile mara moja tena bila kuaibika, apigiwe makofi, arudi nyumbani kwa paka wake na furaha ya kumtosha.

Ndipo akabuni jambo ambalo baadaye alilijutia kuliko yote aliyowahi kufanya. Wapenzi wenyewe wangempigia yowe. Mvunaji akiinua mundu, Leonora angefungua kinywa tu, na ukumbi mzima ungepiga yowe kwa niaba yake. Barua zilipowafikia wanachama, wengine walilia kwa furaha. Leonora naye aliuliza atavaa gauni gani.

Mambo mengine yalibaki kama ada. Kiti kiliwekwa upande upande ili watu waone shavu lake la kushoto. La kulia, kuanzia sikioni hadi kidevuni, liliunguzwa na taa iliyoanguka wakipiga filamu, na tangu siku hiyo Leonora hakumwonyesha mtu upande huo. Hata akiita teksi aligeuka kwanza. Chamani ilikuwa sheria, asiyeijua alifundishwa mlangoni, na aliyepiga picha ya upande wa kulia alitolewa nje na filamu yake ikachomolewa. Na damu ilikuwa rojo la chokoleti la kopo, kama walivyofanya mastudio enzi zile, kwa kuwa kwenye picha isiyo na rangi chokoleti huonekana damu tupu. Ada ilikuwa kwamba likiwarukia wa mstari wa mbele, walilamba vidole. Waligombania viti vile.

Mvunaji alikuwa Norbert Sleeth kila mwaka, kwa sababu gunia la ile filamu lilikuwa mali yake. Norbert alikuwa mwanamume mrefu, msafi, asiyeoa, ambaye nyumba yake nzima ilikuwa Leonora, ukutani, kabatini, hadi kwenye vikombe. Na mundu wa filamu, wa chuma, alikuwa nao pia, umetundikwa juu ya kitanda chake. Jukwaani alitumia wa mpira.

Asubuhi ya siku ya onyesho walikuwa mezani hotelini, Leonora akila yai lake la kuchemsha, alipotamka kwamba amepata kazi. Ya televisheni, ya kutangaza gundi ya meno ya bandia. Angefungua kinywa kana kwamba anataka kupiga yowe, na meno yasingedondoka. Alikuwa akicheka mwenyewe anaposimulia. Opal alicheka pia. Norbert aliweka uma chini.

"Kinywa kile," alisema. "Kinywa kile utakiuza kwa gundi?"

"Kinywa ni changu, Norbert. Meno ndiyo si yangu."

Meza ikaangua kicheko. Norbert hakucheka. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amemtunza miaka yote hiyo, amemweka safi, na sasa anataka kujipaka kinyesi mbele ya taifa zima. Leonora, ambaye hakuwa na simile akichokozwa, alimjibu kwamba yeye si kikombe cha kabatini kwake. Akamwomba ampitishie chumvi.

Opal aliingilia kati. Aliona sherehe inamponyoka, akamshika Norbert bega, akambembeleza asiharibu siku ya watu. Norbert alimtazama Leonora kwa muda mrefu, kisha uso wake ukalegea, ukawa mpole kabisa.

"Basi yaishe," alisema. "Leo utakufa vizuri, Leonora. Vizuri kuliko ulivyowahi kufa. Nitahakikisha."

Na Opal akatabasamu. Akamshukuru, jamani. Alidhani ni sifa, alidhani ni kuomba radhi, kwa sababu ndivyo walivyozungumza wote, na yeye zaidi ya wote.

Saa nane mchana mapazia yalifungwa na ukumbi ukajaa. Opal alisimama pembeni mwa jukwaa, karibu na vinara vya chuma vilivyoazimwa kanisani, akiwa amewapa watu ishara yao. Angeinua mkono, wangeanza. Angeushusha, wangekoma. Leonora aliingia na gauni la rangi ya maziwa, akaketi, akageuza shavu lake la kushoto kwa watu, na ukumbi ukavuta pumzi. Alikuwa mzuri. Opal aliona fahari hadi kifua kikamuuma.

Mvunaji akatokea nyuma ya kiti na gunia lake, anavuta mguu kama inavyotakiwa. Mundu ukapanda juu. Opal akainua mkono.

Lo, yowe lile! Watu mia tatu waliachia vyote walivyokuwa navyo, na kuta za hoteli zikatetemeka. Ukipiga yowe la dhati macho hufumba yenyewe, na wengi walifumba. Hawakuona mundu ulivyoshuka. Uliingia kati ya shingo na bega, ukakwama, na Norbert akaweka goti kwenye mgongo wa kiti ili auchomoe.

Opal aliona, ila hakuelewa. Alifikiri Norbert amezidisha chokoleti. Hata mundu uliposhuka mara ya pili, ukachana mkono ambao Leonora aliunyanyua, Opal alikuwa bado anawaza jinsi gauni litakavyosafishwa. Kisha Leonora akainuka kwa kushikilia kiti, akazunguka akitafuta mtu, mtu yeyote, na akawageuzia watu wote shavu la kulia. Kovu lote, kuanzia sikioni hadi kidevuni, chini ya taa kali.

Hapo ndipo Opal alipoelewa. Mama yake angekufa mara mia kabla ya kugeuka hivyo kwa mchezo.

Alipaza sauti kwamba ni kweli, anamuua kweli, jamani acheni. Nani angemsikia? Alishusha mkono, akaupunga, akaruka mbele yao kama kichaa, nao wakaona ni sehemu ya mchezo, wakaongeza. Kinywa cha Leonora kilikuwa wazi. Labda sauti ilimtoka na labda haikutoka, na hilo Opal hatalijua kamwe, kwa kuwa mapenzi ya watu mia tatu yaliifunika.

Alinyakua kinara. Kilikuwa kizito, mshumaa ukaruka ukaanguka, naye akakivurumisha kwenye gunia kwa nguvu zake zote. Kitu kikavunjika ndani. Norbert aliyumba, akageuka, akaupeleka mundu kwa Opal bila haraka, ukampasua kiganja hadi mfupani. Opal hakusikia maumivu. Alimpiga tena, kwenye kiwiko, mundu ukadondoka, akampiga gotini, na alipopiga magoti akampiga kichwani, mara nyingine tena na tena, gunia likawa zito, likamganda usoni, na bado alipiga. Alikuwa akimtukana matusi ambayo hakujua anayajua. Watu walishangilia. Hawakuwahi kuona mchezo mzuri namna ile.

Mstari wa mbele alikuwepo mzee mmoja, mwuza bima mstaafu, amevaa tai mpya kwa ajili ya siku hiyo. Tone nono lilikuwa limeirukia. Akalichota kwa kidole, akitabasamu, akatia mdomoni kama ilivyo ada.

Uso wake ukabadilika. Akalitema. Akatazama kidole, akamshika jirani yake mkono, akamwonyesha tai. Jirani naye akaonja. Ukimya ukaanza hapo mbele, ukarudi nyuma kiti kwa kiti, hadi wakabaki watu wawili watatu mlangoni wakipiga yowe peke yao, nao wakakoma. Ikasikika sauti ya kinara tu, ikigonga kitu kilicholowa.

Opal akakitupa. Norbert hakuwa akitikisika tena, wala Opal hakumtazama mara ya pili. Alitambaa hadi kwa Leonora, akampakata, akamkandamiza jeraha kwa kile kiganja kilichopasuka, damu ya huyu ikichanganyika na ya yule. Aliita daktari. Mtu alikimbilia simu. Wengine wakashika vichwa, na mmoja, kwa mazoea tu, mpumbavu yule, akainua kamera.

Leonora alikuwa mwepesi kama vazi. Macho yake yalimtafuta Opal, yakampata. Kila mwaka, akishashuka jukwaani, alimuuliza swali moja, kila mwaka Opal alimjibu neno moja, na kwa neno hilo mama yule alilala vizuri.

"Mwanangu," alisema kwa ile sauti ya kukwaruza. "Nimekufaje?"

Opal alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, limezoea njia, lingetoka lenyewe. Akalimeza.

"Usife," alisema. "Mama, usife. Tafadhali, usife kabisa."

Leonora alisubiri kidogo, kama mtu asiyeridhika na jibu. Kisha hakusubiri tena.

Mjane mmoja wa Pasadena, mtu mwema, rafiki wa Opal tangu chama kilipoanza, alipanda jukwaani analia, akapiga magoti kando yao. Alitaka kufariji na hakujua afariji vipi, akatafuta kinywani mwake jambo zuri la kusema, na lilikuwamo moja tu.

"Alikufa vizuri, Opal."

Opal alimpiga kofi lililomwangusha chali, na alama ya mkono ikabaki shavuni mwa yule mama, nyekundu, ya vidole vitano. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Yeye akarudi kwa Leonora, akamgeuza uso taratibu, kushoto kuelekea kwa watu, na lile shavu lililoungua akalificha kifuani mwake. Alikaa hivyo, anamfunika, mpaka wenye machela walipomwachanisha naye kwa nguvu.