Kijiti Kilisema Imejaa

Mama mkwe alikuja kwangu kwa wiki moja, akakaa miezi mitano. Simchukii. Lakini nyumba yangu ina vyumba viwili, na kitanda chake cha mbao kilimeza kimoja chote. Mimi, mke wangu na watoto watatu tulibanana kwenye kile kingine, miguu juu ya miguu. Hatimaye shemeji yangu anayeishi juu ya mlima akakubali kumchukua, kwa sharti moja: afike Jumamosi. Jumapili anafunga nyumba, anasafiri kikazi mwezi mzima.

Jumamosi hiyo niliisubiri kuliko nilivyosubiri harusi yangu.

Nina pikapu ya otomatiki. Miaka ishirini nimeendesha malori ya gia za mkono, sikuona haja ya kufundishwa kitu na gari linalojibadilishia gia lenyewe. Wiki nzima niliamka mapema, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Imejaa. Kila siku imejaa.

Alhamisi mama mkwe akanifuata na shuka lake jeupe lililodondoka kutoka kwenye kamba likaangukia chini ya gari. Lilikuwa na doa jekundu kubwa kama sahani.

"Baba, gari lako linatokwa damu."

"Hiyo ni oili ya giaboksi, mama. Nimepima, imejaa."

"Sijasema haijajaa. Nimesema inavuja."

"Ingekuwa inavuja si ingepungua?"

Akanitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani, akaenda kufua.

Jumamosi tukapakia kitanda, kabati, cherehani na mabegi. Mama mkwe akakaa mbele, mkoba magotini. Katikati ya mlima injini ikanguruma kama inapanda ukuta, gari limesimama. Kisha likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki, nikavuta ya mkono, nikaruka chini kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu.

"Tumefika?" akauliza mama mkwe.

"Bado, mama."

"Mbona umeshuka?"

Nikampigia fundi mmoja tunayemwita Spana, akaja na pikipiki. Akamwamkia mama mkwe kwa adabu. Mimi hakunisalimia.

"Oili umepima lini?"

"Leo asubuhi. Imejaa."

"Injini inawaka?"

"Nani anapima oili injini inawaka? Nikatwe vidole?"

Spana alicheka mpaka akaegemea boneti. Tukalirudisha gari taratibu hadi mbele ya duka, palipo tambarare. Akawasha, akapitisha gia zote, akarudisha kwenye ya kuegesha, akachomoa kijiti huku injini ikiunguruma. Kilikuwa kikavu hadi ncha.

"Hili si lori, mzee. Ukizima, oili yote inashuka kulala chini, kijiti kinakuta bwawa. Ukiwasha inapanda kazini. Hapo ndipo unajua ipo au haipo. Nusa."

Nikanusa. Harufu ya sufuria iliyosahaulika jikoni.

"Mwanangu," mama mkwe akamwita Spana dirishani, "inavuja?"

"Inavuja, mama. Mpira wa bomba umechoka."

"Asante. Nilitaka kusikia kwa mtu mwingine."

Spana akakaza mpira, akaongeza lita mbili kidogo kidogo, akipima kila mara. Gari likatembea. Nikageuza pua kuelekea mlimani, naye akaingiza mkono dirishani akashika usukani.

"Giaboksi imeshaungua ndani. Mlima huu na mzigo huu, itakufia. Teremka polepole, Jumatatu uilete."

Nikapiga simu kutafuta pikapu ya kukodi. Mwisho wa mwezi, watu wanahama, hakuna iliyobaki.

"Spana, ndugu yangu, mpandishe mama kwa pikipiki."

"Na kitanda changu nikibebe kichwani?" akauliza mama mkwe. "Mimi siendi popote bila kitanda."

"Mama, kesho shemeji anafunga nyumba!"

"Afunge. Nyumba ni yake."

Tukateremka. Watoto walipoona kitanda kinarudi wakashangilia, wasaliti wakubwa. Mke wangu akashika upande mmoja, nami mwingine, tukakiingiza ndani kwa ubavu. Nje injini iliendelea kuunguruma, maana mama mkwe alikuwa amenikataza kuizima mpaka apime oili mwenyewe.