Mabawa ya Annaig

Mimi Katell nimewapangisha wachoraji wengi hapa kijijini kwetu Bretani, Ufaransa, wengi wao wanaume wa maneno mengi na rangi kidogo. Hedvig hakuwa hivyo. Alitoka Ufini peke yake, akakodi ghala langu la matufaha. Mwaka wa tatu baba yake akamwandikia: picha yako ikikataliwa tena kwenye maonyesho ya Paris, urudi nyumbani uolewe.

"Haitakataliwa," aliniambia, huku akipangusa brashi kwenye aproni yangu.

Picha ilikuwa ya Annaig, dobi wetu. Asubuhi ya kuisafirisha, Annaig alikuja kujiona. Akatazama, uso ukamshuka.

"Dada, mbona umeniulia mume?"

Hedvig hakuelewa. Mimi nilielewa, nikaona aibu kwa kutoliona jambo lile mapema. Kofia zetu za kitambaa cheupe zina mabawa mawili. Mke huyabana juu. Mjane huyaachia mabegani. Hedvig aliyaachia pichani kwa kuwa weupe wa kitambaa uliteremka vizuri shavuni. Na mume wa Annaig yuko vitani Tonkini, huko mbali Asia, na huu ni mwezi wa nne hajaleta barua.

"Paris hawajui mambo ya mabawa," Hedvig alisema.

"Mimi najua. Akirudi anikute nimekaa eda ukutani?"

"Gari linaondoka saa sita!" nikadakia. "Annaig, mwonee huruma mtoto wa watu. Picha ikikosa gari, anakwenda kuolewa na asiyemjua."

"Na mimi nifiwe ili yeye asiolewe?"



Hedvig alichukua kisu, akaikwangua kofia yote, kazi ya majuma sita. Nilipiga yowe.

"Kelele, Mama Katell! Mkono uliofika mara moja unajua njia. Annaig, kaa. Yabane juu."

Mabawa yalipopanda, shavu na shingo vikabaki wazi: mwanamke anayekutazama bila kukuomba ruhusa. Hedvig akaichora kofia upya, na picha ikawa nzuri kuliko ile ya kwanza. Tuliipakia garini, rangi yake ingali mbichi.

Baada ya Pasaka ikaja barua: picha imekubaliwa. Hedvig akamwandikia baba yake neno moja, "Nabaki." Mimi nikakimbilia mtoni kumpasha Annaig habari. Hakuuliza kama wameisifu. Alikamua shuka kwanza.

"Na wameona kwamba nina mume?"

"Paris nzima imeona, mwanangu," nikamwambia, na Mungu anisamehe, maana Paris hawajui mambo ya mabawa.