Kola za Kwaya

Mtu akitaka kumkasirisha Dauda fundi cherehani, hakuwa na kazi kubwa. Alimwambia tu, "Kadiri naye atakuwa fundi kama baba yake." Basi! Dauda aliondoa mguu kwenye pedali, akamtazama mtu huyo juu ya miwani, akamweleza kwa sauti ya kufika hadi sokoni kwamba mwanawe hakuzaliwa kukunja mgongo. Kadiri atakuwa karani. Atakaa kitini, atashika kalamu, na watu watapanga foleni mbele yake.

Wala hayakuwa majivuno matupu. Dauda alikuwa anaogopa. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Vya mbali bado aliviona, lakini vya karibu vilimpotea, na siku hizi hata kutunga uzi kwenye sindano alimwita mkewe Saidati. Mgongo nao ulimuuma hata akilala chali. Alikuwa ameapa kwamba mateso hayo hayatavuka kwenda kwa mtoto. Tangu Kadiri anajifunza kutembea, amri nyumbani ilikuwa moja: usiguse cherehani. Akitoka shule akae barazani mbele ya baba yake, kitabu mapajani, asome pale anapoonekana.

Na hiyo shule yenyewe Dauda aliipenda kupita kiasi. Ilikuwa pale Nengo, kando ya ziwa, haikuwa ya misheni wala ya serikali. Wafanyabiashara wa mjini na wavuvi wa ufukweni waliianzisha wenyewe, baada ya kuchoka kuona watoto wao wanakosa nafasi kwingine. Wavulana na wasichana walisoma darasa moja, Mwislamu na Mkristo dawati moja, na jioni kila mtu alikwenda kula kwao. Asubuhi ilikuwa hesabu, Kifaransa na jiografia. Alasiri ilikuwa mpira, kwaya, bustani au ushonaji, kila mtoto achague kimoja au viwili. Kadiri alisema amechagua mpira. Yeye ni kipa, alisema.

Kipa! Dauda hakukaa na neno hilo moyoni. Kila Ijumaa baada ya sala aliwasimulia watu nje ya msikiti jinsi mwanawe anavyodaka. Mtu wa kwanza kutia shaka alikuwa Hitimana, fundi mwenzake wa baraza ya pili, Mkristo mmoja mcheshi asiyeweza kupita bila kuchokoza.

"Baba Kadiri," akamwambia siku moja, "ile mutoto yako ni kipa gani? Anarudi kila siku na shati safi, hata vumbi hapana."

"Kipa muzuri hapana angukaanguka," Dauda akajibu bila kupepesa. "Mupira unamukuta amesimama."

Watu wakavunjika mbavu.

Ikafika sherehe ya kufunga mwaka, Julai ya 1956, kiangazi kimekauka na uwanja wa shule ni vumbi tupu. Wazazi walikaa kwenye mabenchi chini ya turubai. Dauda alivaa kanzu aliyoinyoosha kwa pasi mwenyewe, akakaa benchi la mbele, miguu haitulii. Alikuwa na sababu. Ofisi ya forodha kule mpakani ilitaka kijana mmoja wa darasa la sita, akafundishwe ukarani, na Mwalimu Ndayisaba, mkuu wa shule, angetaja jina lake siku hiyohiyo. Dauda hakulala vizuri wiki nzima. Katika kila sala aliitaja forodha, mpaka Saidati akamwambia Mungu ameshasikia, ampumzishe kidogo.

Kwanza ulichezwa mpira. Darasa la sita walipoingia uwanjani, golini akasimama kijana mrefu, Phocas, mtoto wa Bimenyimana mvuvi. Dauda akanyoosha shingo huku, akanyoosha kule.

"Kadiri iko wapi?"

"Labda wamemupumzisha," Hitimana akasema, uso mkavu kabisa. "Kipa muzuri sana hapana chokeshwa bure."

Dauda akamnunia. Lakini wasiwasi ulimwingia, maana ukiona mtoto hayupo mahali alipokuambia yupo kila siku, kuna jambo.

Mpira ukaisha, kwaya ikaingia. Hapo mabenchi yote yakaguna kwa kupendezwa. Watoto walikuwa wamevaa mashati mapya ya rangi ya mbingu, kola nyeupe, yamewakaa utafikiri kila mmoja alipimwa peke yake. Na katikati yao, mstari wa nyuma, alisimama Kadiri. Wakaimba. Waliimba vizuri, wanasema. Dauda hakusikia hata neno. Alikuwa anatazama kola.

Mafundi wote wa mjini, wakishashona kola na kuigeuza, walichokoa ncha zake kwa mkasi, zikatoka butu. Dauda peke yake alipitisha uzi kwenye pembe, akauvuta polepole, ncha ikatoka kali na bapa. Hakuwahi kumwonyesha mtu. Na sasa, mbele ya macho yake, karibu kola zote za kwaya zilikuwa na ncha kali na bapa.

Damu ikampanda. Kumbe shule imempa kazi fundi mwingine! Yeye ni mzazi, yeye amechangia matofali ya ukuta ule pale, halafu kazi inapita mlangoni pake inakwenda kwa mtu aliyemwibia ufundi! Akamgeukia Hitimana.

"We! Walikupa kazi ya shule, ukanyamaza kimya?"

"Kazi gani?"

"Ile kola!"

Hitimana akatazama, akatazama tena, halafu akacheka hadi benchi likatikisika. "Mi? Mi naweza kola ya vile? Yewe, Dauda! Ile ni mukono yako kabisa. Mi nilikuwa nangoja uimbo uishe nikupongeze."

Wimbo ulipokwisha Dauda alinyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa Madamu Drocella, mwalimu wa kwaya na ushonaji, dada mpole wa kutoka Kanama, kule vilimani.

"Madamu, ni fundi gani alishona hizi nguo?"

"Fundi?" Madamu Drocella akatabasamu. "Bon, ni watoto wenyewe, Baba Kadiri. Kilabu yetu ya ushonaji. Wasichana, na Kadiri yako. Mi kola zilikuwa zinanishinda, sikufichi. Yeye ndiye alitufundisha. Nilifikiri we ndiye ulimutuma."

"Si anacheza mupira?"

"Mupira gani?"

Kabla Dauda hajauliza tena, kengele iligongwa na Mwalimu Ndayisaba akasimama na karatasi yake. Alisoma matokeo ya darasa la sita kuanzia chini, watu wakipiga makofi. Wa pili: Phocas. Wa kwanza: Kadiri, mwana wa Dauda, na yeye ndiye anayependekezwa kwenda forodhani.

Saidati akapiga vigelegele hadi sauti ikakatika. Watu wakamshika Dauda mikono, wakampiga begani. Lile jambo aliloliomba kwa miaka lilikuwa limekuja, mbele ya mji mzima, na yeye alikuwa amesimama pale anapiga makofi ya mikono tu, moyo haumo. Kadiri alipokea cheti chake, akageuka, macho yake yakakutana na ya baba yake. Akajua kwamba baba anajua.

Walikutana nyuma ya darasa, kwenye ukuta unaotazama ziwa.

"Donc, mupira ulikuwa unachezea wapi, we?"

"Nisamehe, Baba."

"Nani alikufundisha ile kola?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nimekukataza hata kusogea!"

"Ulinikalisha mbele yako kila jioni," Kadiri akasema, anatazama chini. "Kusoma nilisoma, Baba. Lakini mikono yako ilikuwa iko pale, karibu. Nikaiangalia tu."

Mkono wa Dauda ulikuwa umeshanyanyuka kupiga. Ukashuka wenyewe.

"Na forodha?"

"Ukinituma nitaenda. Lakini Madamu anasema mwaka ujao shule inatafuta mutu wa kumusaidia kufundisha ushonaji, inilipe kidogo na mi nikiendelea kujifunza ualimu kwake. Mi nataka ile."

"Sindano!"

"Si sindano, Baba. Kufundisha."

"Ni sindano ileile! Utakuwa kipofu kama mimi!"

Neno hilo Dauda hakuwahi kulitamka, hata kwa Saidati. Lilipomtoka likamtisha mwenyewe. Kadiri akaanza kulia bila sauti, kijana mkubwa vile, na Dauda akaona hawezi kuendelea kusimama pale. Akageuka aende kumwambia Mwalimu Ndayisaba kwamba amekubali, aweke jina, yaishe. Mwalimu alikuwa ameshasema anataka neno la mzazi kabla watu hawajatawanyika, na familia isipotaka, nafasi itakwenda kwa Phocas.

Njiani akapita katikati ya wanakwaya waliokuwa wanakunywa maji. Mmoja wao, Nyirahabimana, dada yake Phocas, alikuwa na kola iliyopinda. Ilipinda kweli, upande wa kushoto umemkimbia. Mikono ya fundi haivumilii jambo kama hilo. Dauda akachomoa pini kwenye ukosi wa kanzu yake, akanyoosha mkono amrekebishie.

Msichana akarudi nyuma hatua moja, akaifunika kola kwa kiganja. "Hapana, mzee. Usiguse. Niliishona mi mwenyewe."

"Imepinda, mutoto yangu."

"Najua. Hii ni ya kwanza. Niliifumua, nikaishona, nikaifumua tena, nikalia. Nikamwambia Kadiri, basi nishonee we. Akakataa. Aliweka mikono nyuma, akasimama hapo, akasema, 'Endelea, niko hapa.'" Akageuka, akamwonyesha msichana aliyekuwa anacheka karibu na mtungi. "Ya pili ni ile, amevaa Mukamurenzi. Ile pia ni yangu."

Dauda akatazama. Kola ya Mukamurenzi ilikuwa na ncha kali na bapa. Angeapa kwa Mungu ni mkono wa Kadiri, au hata wake mwenyewe. Kumbe ni wa binti wa mvuvi.

Akabaki amesimama na pini mkononi. Katika maisha yake aliletewa vijana wengi awafundishe kazi. Mmoja sasa ni utingo wa lori, mwingine anauza chumvi, wengine hata majina hawakumbuki. Hakuna aliyemaliza mwaka. Kitambaa kikipinda kidogo tu, Dauda alikipokonya. "Lete hapa, utaniharibia!" Akamalizia mwenyewe, na kijana akakaa pembeni anahesabu inzi, mpaka siku moja haji tena. Kila mara Dauda alisema hawana akili. Miaka yote hiyo aliamini hivyo, na hakuna aliyembishia.

*Aliweka mikono nyuma.* Jambo hilo yeye hakuliweza hata siku moja. Mtoto wa miaka kumi na minne ameliweza. Dauda aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Na chini ya aibu hiyo kulikuwa na furaha kubwa mno, hata hakujua aiweke wapi.

Akamfikia Mwalimu Ndayisaba.

"Mwalimu, ile nafasi ya forodha, mupe Phocas."

Mwalimu Ndayisaba akaivua kofia yake. "Baba Kadiri, umefikiri vizuri? Watu wanaitafuta kazi hii kwa udi na uvumba."

"Najua. Hapa hakuna mutu aliitaka kunishinda mimi."

Bimenyimana mvuvi, aliyesikia, akashika kichwa kwa mikono miwili, akamwita Mungu wake, "Mana yanjye!" na akakimbia kumtafuta mkewe. Hitimana naye akaja mbio, safari hii bila utani hata chembe.

"Dauda, umerukwa na akili? Miaka yote unatuambia karani, karani!"

"Nilikosea," Dauda akasema.

Mji mzima haukuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Saidati, aliyekuwa amesimama karibu, akajifuta macho kwa pembe ya kanga.

Kadiri alikuwa bado kwenye ule ukuta. Alipomwona baba yake anarudi, akasimama wima, akingoja hukumu.

"Forodha atakwenda Phocas," Dauda akasema. "We utabaki na Madamu. Lakini unisikie vizuri: utafundisha mchana. Taa ikiwashwa, unaacha sindano. Macho hayo usicheze nayo."

"Ndiyo, Baba." Kadiri hakuamini. Alisema tena, "Ndiyo, Baba."

Walisimama bega kwa bega. Kule uwanjani watoto walikuwa wanabeba mabenchi, wanagombana na kucheka. Dauda alikohoa. Alikuwa na swali, na hakuzoea kumwuliza mtoto kitu asichokijua yeye.

"Ile mikono," akasema. "Uliwekaje nyuma? Unaona kabisa mutu anakosea, kitambaa kinaharibika mbele yako. Uliwezaje?"

Kadiri akafikiri. "Ilikuwa ngumu sana, Baba. Ilikuwa inataka kwenda yenyewe. Nilishika mukanda kwa nyuma, nikaukaza."

Dauda akatikisa kichwa taratibu. Kisha akapeleka mikono yake nyuma ya kanzu, akatafuta kitu cha kushika, akakosa, akashika kidole chake mwenyewe.