Hatua Elfu Kumi na Mia Nane

Siku ile mjinga alikuwa fundi saa mwenyewe, na ni bora lisemwe mapema kabla hajapata mtu wa kumsingizia.

Alikuwa amekaa mahali pake pa miaka thelathini na tisa, nyuma ya meza yenye kingo zilizoinuliwa ili skrubu zisitoroke, kikuza kimebanwa kwenye jicho la kulia, koleo ndogo mkononi. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Chai alikwisha kunywa, na zile saa ishirini na tatu za wateja wasiorudi alikwisha kuzitia ufunguo. Zilining'inia kwenye misumari ukutani, kila moja na kipande chake cha karatasi chenye jina na tarehe. Alizitia ufunguo kila asubuhi kwa sababu ndivyo alivyofundishwa: saa ya mtu ukishaitengeneza, haisimami ikiwa mikononi mwako. Baadhi ya wenye saa hizo walikuwa wameshakufa na yeye mwenyewe alihudhuria maziko. Alirudi, akanawa, akazitia ufunguo.

Kwa ajili ya saa hizo hakuwahi kulala nje ya chumba chake cha nyuma ya duka tangu mkewe afariki. Alipoalikwa mahali alisema, "Saa za watu nitamwachia nani?" Baada ya muda watu wakaacha kumwalika, akaona wamemwelewa.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa mkunga katika hospitali ya mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Wiki mbili kabla ya Jumanne hiyo alikuwa amemtumia saa janja, imelala ndani ya boksi lake jeupe kama kito. Alimweleza kwa simu kwamba aivae mchana na usiku, aivue wakati wa kuichaji tu. Yeye huko aliko angeona kwenye simu yake mapigo ya moyo wa baba, hatua anazotembea, usingizi anaolala na mahali alipo.

"Nikiona kitu hakijakaa sawa, baba," alisema, "siku hiyo hiyo napanda basi nakuja."

Fundi aliigeuzageuza. Haikuwa na springi. Haikuwa na gurudumu wala jino. Ukiiweka sikioni haikusema chochote, ila ukiivaa ilikuwa na maneno. Akaipa jina: bangili ya umbea. Alimwambia kila mteja kwamba mtu aliyezoea saa ya kutia ufunguo hawezi kuipenda hii hata afungiwe nayo chumba kimoja, maana saa ya kweli inakuhitaji wewe, na hii inataka umeme tu.

Wateja waliitikia ili mambo yaishe. Mmoja tu ndiye aliyemwangusha. Mwalimu mstaafu, aliyeleta saa yake kusafishwa kila mwaka na kuisubiri hapo hapo kama mtu aliyempeleka mtoto kuchanjwa, alinyoosha mkono wa kulia kuipokea, shati likapanda, na chini ya shati ikaonekana saa janja nyeusi. Fundi akaona haya kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha.

"Na wewe, Mwalimu?"

"Ya kushoto naitazama mimi," Mwalimu akasema, akishusha shati. "Ya kulia inanitazama. Kwangu hakuna mwingine wa kunitazama, fundi. Usinisumbue."

Basi fundi naye akaivaa, lakini kwa ajili ya binti, alisema. Saa nne asubuhi ikatetemeka mkononi mwake na kuandika kwamba amekaa muda mrefu, asimame. Tangu mkewe afariki hakuna aliyewahi kumwambia asimame. Alisimama. Akaangalia huku na huku, akakaa. Siku ya tatu, saa nne ilipokaribia, alijikuta ameshaweka viganja vyote viwili juu ya meza, anangoja. Hilo hakumwambia mtu.

Ubaya ulikuwa kwenye hatua. Kwa siku alitembea hatua mia mbili na kumi na nne, maana kutoka kitandani hadi mezani si mbali. Kila jioni binti akitoka zamu alipiga simu kumgombeza. Alisema hata mama aliyejifungua jana anampita. Fundi alinung'unika kwamba yeye si farasi, na bado kila ifikapo saa kumi na moja simu yake ilikuwa imeshajaa chaji na iko karibu kuliko koleo.

Jumapili binti akasema imetosha. Ameomba ruhusa, Ijumaa anakuja, atampeleka akapimwe moyo, na atamleta mjukuu. Mjukuu alikuwa na miaka mitano na babu alikuwa amemwona kwenye kioo cha simu tu, mara nyingi pua.

Mtu mwenye akili angefagia duka na kunyamaza. Fundi alikwenda mlango wa pili kulalamika kwa mshonaji, mama wa makamo mwenye cherehani ya miguu na ulimi wa kuchoma. Alimwambia bangili ile imemchongea, imemfanya aonekane mgonjwa, na atampa binti ushahidi kwamba haijui kitu.

"Si saa inayokuudhi, jirani," mshonaji alisema bila kuinua macho. "Kinachokuudhi ni kuulizwa kama u mzima."

Ndipo Jumanne asubuhi ikafika, na kilichomponza ni ufundi wake. Dukani kulikuwa na saa kubwa ya ukutani, zawadi ya harusi yake: kabati jembamba la mbao, chini bapa, lenye mlango wa kioo, urefu wake ukifika kifuani pa mtu mzima. Ndani yake timazi ya shaba iliyumba pigo moja kila sekunde, wala haikuwa imekosea tangu binti yake hajaota meno. Fundi alipiga hesabu. Akiifunga bangili kwenye timazi, hatua zitazidi za mwanadamu na binti atashtuka. Muda wa saa tatu utatosha. Akafungua mlango wa kioo, akaifunga, akaitia timazi mwendo, akarudi kwenye kazi zake akijichekea.

Saa sita mchana bangili ilionyesha hatua elfu kumi na mia nane, kamili, hakuna iliyopungua. Ilionyesha pia mapigo ya moyo: sitini, matulivu, kama ya kijana wa miaka ishirini. Timazi ilikuwa shaba tupu, lakini bangili iliandika ilichokisikia. Fundi alimwita mshonaji aje aone nani mkubwa kati ya saa na saa. Mshonaji akaja na uzi mdomoni, akatazama, akaukata kwa meno.

"Na binti akiona hivi," akauliza, "Ijumaa anakuja kufanya nini?"

Jioni simu ililia. Binti alikuwa na furaha ya kweli. Alimpongeza, akasema kwa mapigo kama hayo hakuna haja ya kupimwa, na kwamba siku zake mbili za ruhusa amempa mwenzake mwenye msiba, yeye atakuja mwezi ujao kwa raha zake. Fundi alifungua mdomo aseme kwamba ile ni timazi.

"Sawa, mwanangu," mdomo ukasema.

Kesho yake aliamka na nia ya kuivua timazi ile bangili. Ukutani palikuwa na msumari na alama nyeupe ya mahali saa ilipokaa. Mlango wa duka ulikuwa umerudishwa vizuri. Saa tano ile saa ya ukutani ikaingia yenyewe, matope kwenye kitako, ikapanda mahali pake. Kwa safari hiyo tu, hatua elfu saba na mia tatu. Fundi aliyafuta matope kwa kitambaa, akaitia ufunguo, na kwa kuwa ilikuwa imechelewa kwa dakika nne, akaisogeza mbele.

Tangu siku hiyo ikawa inatoka kila asubuhi. Ilipita sokoni, ikapita uwanja wa mpira, ikakaa kidogo ng'ambo ya mto penye viti vya saruji. Watu waliipisha. Waliokuwa na haraka waliitazama wakiwa mbioni na kuongeza mwendo. Kila baada ya siku mbili ilisimama kwa kinyozi, karibu na soketi, bangili ikachajiwa. Kinyozi hakuwa na neno, alisema tu kwamba haina nywele na haimzibii mtu foleni. Mwalimu alikutana nayo darajani, akailinganisha na ya kushoto, akaikuta nyuma kwa dakika mbili, akaisamehe kwa sababu ya kilima.

Huko aliko, binti aliona kwenye ramani ya simu kidoti cha baba yake kikienda sokoni, kikienda mtoni, kikipunga upepo. Simu za kila jioni zikawa za kila Jumapili. Za Jumapili zikawa ujumbe mfupi wenye kidole gumba. Mwezi ujao ulikuja bila binti, ukafuatwa na mwingine. Mapigo yalikuwa sitini. Hapakuwa na cha kuharakia.

Magoti ya fundi yalianza kuvimba. Saa nne asubuhi aliweka viganja juu ya meza, hakuna kilichotetemeka, akavirudisha. Kuipenda bangili hakuipenda, na angemwambia hivyo yeyote ambaye angemuuliza. Aliikosa tu. Mara mbili, saa ikiwa nyumbani, alifungua mlango wa kioo ili aivue. Mara mbili aliona timazi ikipiga taratibu na ile bangili imeikaa vizuri, akaona haya, kama anamvua mtu shati.

Saa ile zamani ilikuwa sebuleni, enzi za nyumba. Binti akiwa mdogo aliwekewa kigoda chini yake. Fundi akitoka kwenda dukani alimwambia, "Mshale mfupi ukielekea chini kabisa, mimi niko mlangoni." Mshale mfupi ulielekea chini kabisa kila jioni, kwa uaminifu. Fundi alifika ukiwa umeshapanda upande wa pili, mtoto amelala, shavu limeegemea kabati. Daima kulikuwa na saa ya mtu ya kumalizia. Mkewe alisema siku moja kwamba mtoto anaisalimia saa kabla ya kumsalimia mama yake. Walicheka.

Jumamosi moja saa ikatoka alfajiri na haikurudi. Saa tano ikapita. Adhuhuri ikapita. Mshonaji alisema ameiona stendi, imekaa dirishani kwenye basi la kwanza, na kondakta ameipa kiti cha mbele kwa sababu ya kioo. Fundi aliuliza basi la kwenda wapi. Mshonaji akaendelea na mshono.

Fundi alikaa. Saa ishirini na tatu za ukutani zilisema kila moja lake. Kwa mara ya kwanza duka lilikuwa na kelele na halikuwa na pigo.

Saa tisa mchana simu ililia.

"Baba," binti akasema. "Saa yenu iko hapa."

Alisimulia bila haraka, kama anavyosimulia zamu. Asubuhi alikuwa ameona kidoti kikitoka mjini kwao. Akadhani ramani imekosea. Kidoti kikaendelea, kikapita daraja la kwanza, kikapita njia panda, kikaja barabara ya kwake. Akaomba ruhusa kazini. Alifagia, akatandika kitanda cha wageni, akamvalisha mtoto nguo mpya na kumwambia babu anakuja. Mlango ukagongwa. Akafungua na neno "baba" liko mdomoni, akamkuta aliyemkuta. Matope kwenye kitako, mapigo sitini. Mtoto aliishika mkono, kwa maana ya mshale, akaingia nayo ndani. Sasa hivi amekaa chini yake kwenye kigoda.

"Basi umejua," fundi akasema. "Zile hatua hazikuwa zangu."

"Nimejua."

"Miezi minne hukupiga simu ya maana. Ulikuwa unamjulia hali timazi."

"Mapigo yalikuwa mazuri, baba."

Hapo fundi akapandwa na hasira aliyokuwa ameiweka akiba. Alisema mtoto gani huyu anayemlea baba yake kwa ramani. Alisema mabasi yapo kila siku, asubuhi na mchana. Alisema miaka sita hajamtia machoni, mjukuu anamjua pua. Binti alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kwa sauti ile ile ya zamu: na baba, tangu yeye binti ahamie huku, miaka kumi na moja, amekuja mara ngapi?

Fundi aliangalia ukuta. Alianza na saa za watu, akaona hata yeye mwenyewe amezichoka, akazihama, akahamia kwenye magoti.

"Miguu hii, mwanangu," akasema, "si ya safari tena."

Kwenye simu ilisikika timazi ikipiga, mbali kidogo, na mtoto akiihesabu.

"Saa haina miguu, baba," binti akasema, "na imefika."