Mti Uliobaki Kijani

Kazi yangu ni kukwea miti ya barabarani kwa kamba na msumeno, na katika kitengo chetu cha bustani hakuna anayenishinda. Msinione najisifu. Mpishi hodari hangoji wageni wamwambie chumvi imekolea.

Mwaka ule ukame ulikaa hadi tukasahau harufu ya mvua. Miti ya mji ilipukutisha majani ikabaki mifupa mitupu. Kisha watu wa hali ya hewa wakatangaza kwamba msimu wa baridi unakuja na mvua kubwa na upepo, nasi tukaambiwa tuiandae miti kabla hazijafika. Watu hudhani mti wenye kiu utaifurahia mvua. Wapi! Mizizi yake ya mbali imeshakufa, udongo umenywea na kuiachia. Maji yakishuka kwa kishindo ardhi inageuka uji, upepo unasukuma, na mti mzima unalalia gari la mtu.

Mtaa tulioufikia mwisho ulikuwa wa mama mkwe wangu. Ni fundi cherehani mstaafu, anakaa ghorofa ya kwanza, na chumba chake cha mbele kinatazamana na mti mkubwa kuliko yote pale. Miti mingine ya mtaa ilikuwa mikavu. Huo wake ulikuwa kijani kibichi, umejaa majani kama vile ukame uliupita kwa adabu. Kila jioni alikuwa akishuka ngazi na ndoo ya maji aliyofulia, akiyamwaga shinani, na alikuwa amelizungushia shina tuta la udongo lililofika magotini ili maji yasikimbie.

"Wewe una kamba, mashine na mshahara," aliniambia siku ile nikiwa bado sijavaa mkanda wa kukwelea. "Mimi nina ndoo. Hebu tazama nani kafanya kazi."

Nilicheka, maana ana haki ya kujivuna. Lakini anayenishikia kamba chini, tunayemwita Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona swichi ya kumzima, aliinua macho juu, akayashusha kwenye lile tuta, akanyamaza. Redio akinyamaza ujue kuna jambo. Tulikuwa tumeona kitu kimoja: mti mzuri kuliko yote ndio uliokuwa hatarini kuliko yote. Mingine ilijipunguzia mzigo yenyewe kwa kumwaga majani. Huu ulikuwa umebeba kichwa chote, na chini yake mizizi hai ilikuwa imejikusanya pale pale penye ndoo, maana haikuwa na sababu ya kwenda mbali. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nililifukua tuta kwa mikono. Gome la chini lilikuwa limelainika kama mkate uliolowa, upande mmoja. Nikaligonga shina kwa nyundo ya mbao, nikiweka sikio. Ndani palikuwa bado pazima.

Mkuu wa kitengo alikuja, akautazama mikono ikiwa mfukoni, akasema uangushwe. Mti ulioangushwa haumwangukii mtu, na sisi hatulaumiwi. Hakukosea, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikamwomba aniachie mimi. Akaniambia ukianguka lawama ni zangu peke yangu, nami nikamjibu kwamba sifa pia zitakuwa zangu peke yangu.

Huyo alikuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa juu, ghorofa ya kwanza.

Nilimweleza Mama bila kuzunguka: kwamba maji yake yaliuokoa mti na kiu, ila yalimwagwa karibu mno na shina, na udongo aliourundika ulikuwa unaozesha gome. Alinisikiliza huku anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayeuua," alisema.

Nikamwambia hapana, bila yeye tungekuta kuni, na sasa anikabidhi mimi. Nikaongeza kwamba hadi mvua kubwa zipite alale chumba cha nyuma, kwa tahadhari tu. Hilo ndilo lililomchoma. Alinyanyuka akafunga pazia la dirisha la mbele na hakunitupia neno lingine. Mume wangu alipokuja kuhamisha kitanda, alijitia hamnazo kama haoni ugomvi. Ni mtoto wa pekee, kumwogopa mama yake kazaliwa nako.

Asubuhi nilikwea. Mafundi wavivu husafisha mti katikati, panapofikika kirahisi, wakaacha majani nchani tu kama ufagio. Upepo ukija, tawi linavunjika. Tena mti uliodhoofika unayahitaji majani yake ili upate nguvu, ukiukata sana umemnyang'anya mgonjwa uji. Kwa hiyo nilitembea juu ya kila tawi hadi ncha, nikatoa kidogo hapa, kidogo pale, nikikata penye kitawi kinachoweza kuchukua nafasi. Matawi makavu yote niliyashusha kwa kamba, na Redio aliyapokea taratibu, bila kugusa hata kibao cha saluni iliyo chini. Jua lilipoinama mabega yalikuwa yanawaka moto, na mti ulikuwa umepungukiwa mzigo mkubwa bila mtu kuweza kuonyesha ulipotoka.

Msusi wa saluni alitoka akauliza kazi yenyewe iko wapi. Juu, pazia likafunguka kidogo.

"Siku nzima," Mama alisema, si kwangu, kwa mtaa, "na mti uko vilevile."

Kwetu wakwea miti hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Ila yeye hakuisema kama sifa, na iliniuma.

Tukavunja saruji kuuzunguka mti ili mizizi ipate njia ya kutoka, tukatandaza vipande vya mbao juu ya udongo usikauke, tukaumwagia maji mbali na shina, pale kivuli kinapoishia. Wiki nzima Mama hakushuka. Nilimpelekea salamu kupitia mwanawe, zikarudi kavu.

Mvua ilikuja alasiri, mimi nikiwa upande mwingine wa mji, na ilikuja na hasira zake zote. Tukasikia mti umeanguka karibu na soko, halafu mwingine penye kituo cha mafuta. Nikampigia Mama simu, haikupokelewa. Redio akageuza gari bila kuambiwa.

Mti ulikuwa unacheza. Kichwa chote kilikwenda na kurudi, matawi yakiupitisha upepo katikati yao. Nilichuchumaa shinani nikaweka viganja vyote viwili juu ya udongo. Mti unaotaka kung'oka, ardhi huinuka chini yake kama kifua kinachopumua. Nilingoja upepo mkali upite, kisha mwingine. Udongo haukunyanyuka. Nilicheka peke yangu, nimelowa chapachapa, na sikujali nani ananiona.

Kisha nikapanda ngazi mbio. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Kitanda kilikuwa kimerudi chumba cha mbele, kimesukumwa hadi chini ya dirisha, pazia liko wazi, na Mama kalala juu yake na shuka lake.

"Mama, nilikwambia ulale nyuma."

"Nilikusikia."

"Sasa?"

"Msusi kapanda kuniuliza kwa nini nimehama." Alikuwa anatazama dari. "Ningemjibu nini? Mkwe wangu kashinda juu ya mti ule kutwa, halafu mimi naukimbia? Nikilala nyuma, mtaa mzima utasema siiamini kazi yako. Nikamwambia anishikie kitanda upande ule tukirudishe."

Akaniambia nivue viatu, nalowesha sakafu. Akageukia ukutani, akavuta shuka hadi shingoni. Tawi kubwa lilipita karibu na kioo, likarudi, na yeye alikuwa ameshaanza kukoroma.