Mfalme Aliyenunua Maleba

Loo! Kati ya wezi wote mia nne wa gereza letu, mfalme akawa Hardono. Mkuu wa wilaya mzima, kala fedha za daraja mpaka watu wake wanavuka mto na nguo kichwani, leo kavishwa taji. Kisa? Kanunua maleba ya mchezo. Penye udhia penyeza rupia. Na sisi, makondoo, bado tunamwita Mheshimiwa.

Mwenye fani alikuwa Mzee Warsidi, jirani yangu wa mkeka. Miaka thelathini kacheza ketoprak, michezo ya jukwaani ya wafalme na watumishi wao, vijijini, mpaka alipokata misaji mitatu ya serikali atengeneze paa lake. Akala miaka mitano, Hardono, minne. Mzee hakudai ufalme.

"Paimin, mwanangu, mimi nataka miezi yangu miwili tu."

Kila sikukuu ya uhuru, mchezo ukiisha, mkuu wa gereza husoma majina ya waliopunguziwa kifungo. Kwa miezi miwili Mzee angewahi harusi ya bintiye, awe walii, amwozeshe mwenyewe.

Basi tukacheza mbele ya wafungwa na wageni wa sikukuu, Mzee na mimi watumishi wa mfalme. Ketoprak haina maneno ya kukariri: unapewa kisa, mengine unayatoa kichwani, na mtumishi ana ruhusa ya kumtania mfalme. Sasa Hardono kichwani mna nini? Mara tatu alikwama, katoa macho, na mara tatu Mzee akamwokoa: "Bila shaka Bwana wangu alitaka kusema..." Mara ya nne, lile jitu lisilo na haya wala soni likaona litafute kicheko.

"We mwizi wa misaji! Bado hujanyongwa tu?"

Wageni wakacheka. Mzee akapiga magoti taratibu.

"Bwana Mfalme, nina kesi. Mmoja kaiba miti mitatu. Mwenzake kameza daraja zima na nguzo zake. Nani afungwe zaidi?"

Hardono akashuka kwenye kiti cha enzi, akamwinamia mkuu wa gereza pale mstari wa mbele, taji likamdondoka.

"Mkubwa, haya hatukupanga. Mimi simo!"

Mfalme gani huyo! Ptuu!

Mzee akanigeukia. Ndiyo desturi: mtumishi mmoja akirusha neno, mwenzake anadaka. "Eti Paimin, wewe wasemaje?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikamwona mkuu wa gereza kachomoa kalamu, karatasi ya majina iko mapajani.

"Mi' sijui, jamani," nikasema. "Huyu mzee akili zimemruka."

Watu wakavunjika mbavu.

Majina yakasomwa. Hardono, miezi mitatu. Mimi mmoja, yaani natoka Jumatatu. La Mzee halikusomwa.

Tulipokuwa tunavua maleba, nilingoja anitukane. Hakunitukana.

"Jumatatu pita kwangu," akasema, anakunja nguo ya Hardono. "Mwambie binti yangu amtafute ami yake amwozeshe."

"Ndiyo, Mzee," nikajibu.